Kifaranga aliyebaki bila mama: mwongozo kamili wa kumlea nyumbani Dar es Salaam

Kama unasoma haya huku kifaranga yuko kiganjani analia, simama hapo kwanza. Mtie kifuani ndani ya nguo, mgongo wake uguse ngozi yako, mfunike kwa kiganja bila kumbana, kisha endelea. Usimpe maji, usimsagie mchele, usikimbilie kutafuta boksi. Kwa nusu saa ijayo hana shida nyingine ila joto. Kile kilio kikali cha mfululizo kitapungua, kitageuka mlio mdogo wa chini kwa chini, halafu atasinzia. Akishasinzia ndipo unapata nafasi ya kufikiri.

Hapa mjini vifaranga wa namna hii hutufikia kwa njia nyingi. Tetea kagongwa na bodaboda akivuka na watoto wake. Nguchiro kapita usiku bandani. Mtoto wa nyumba kanunua mmoja kwa mchuuzi aliyepita na boksi. Wangu alitoka kwenye yai la tisa. Kuku wangu, hapa Tabata, alishuka kiotani siku ya 22 na vifaranga wanane, akaliacha yai moja. Nililiokota nikalitupe, nikasikia ndani kunagongwa.

Niseme mapema ninachokiona baada ya kulea na kuzika kadhaa: joto la Dar linatudanganya. Sisi wenyewe tunatokwa jasho tukiwa tumekaa, basi tunadhani kiumbe chochote kitatosheka na hali ya hewa hii. Ndiyo maana vifaranga wengi wa mjini hufa saa kumi alfajiri na tumbo limejaa. Na wale ambao wenye nyumba wameambiwa wawape joto, hufa saa nane mchana kwa kubanikwa na balbu. Mimi nimeua kwa njia zote mbili.

Akiwa bado ndani ya yai

Yai likishatoboka tundu la kwanza, kifaranga huweza kuchukua saa 12 hadi 24, wakati mwingine zaidi kidogo, kabla ya kutoka. Muda huo halali tu. Anamalizia kuvuta kiini kilichobaki kiingie tumboni kupitia kitovu, na mishipa ya damu iliyotanda kwenye utando wa ndani inanyauka. Ukimbandua maganda kwa huruma, unakata mishipa ambayo bado ina damu, naye anavuja hadi anakufa kwenye vidole vyako. Kazi yako ni kuliweka yai mahali pa joto kama la mwilini, nyuzi 37 au 38, tundu likiwa juu, na kitambaa chenye unyevu karibu ili utando usikauke ukamshika. Basi. Ondoka.

Akitoka atakuwa ameloa, amechoka, ana sura ya kitu kilichoopolewa mtaroni. Usiogope. Mkaushe kwa kumwacha kwenye joto, si kwa kumsugua. Kile kiini alichokivuta tumboni kinamtosha hadi siku mbili bila chakula wala maji, kwa hiyo usimlazimishe kula siku ile ile. Kitazame kitovu: kikiwa na kipande cha uzi mkavu, kiache kidondoke chenyewe. Ukikivuta unamfungulia mlango wa vijidudu, na kifaranga aliyeoza kitovu ni vigumu kumwokoa.

Kabla hujajitwika, mtafutie mama

Ushauri bora nilionao ni huu, na watu hawaupendi kwa sababu wameshamzoea: kama jirani ana tetea anayeatamia au aliyetotoa ndani ya siku mbili tatu hizi, mpeleke. Hakuna balbu inayomshinda kuku.

Kumpandikiza hufanywa usiku. Subiri giza liingie kabisa, tetea ametulia na watoto wake, washa tochi ukiwa umeiziba kwa vidole, kisha mpenyeze kifaranga chini ya bawa kwa upande wa nyuma. Usimtoe kifaranga mwingine, usizungumze, ondoka. Asubuhi amka mapema kuliko wao. Tetea akimwita pamoja na wenzake, umemaliza kazi. Akimdonoa kichwani mara mbili tatu, mtoe hapo hapo, kwa sababu mara ya nne inaweza kuwa ya mwisho. Kifaranga aliyepitisha wiki moja mikononi mwa watu huwa mgumu kumpandikiza: yeye hamjui kuku, na kuku hamtaki mgeni mwenye umri tofauti na wanawe.

Wangu nilijaribu kumrudisha kwa mama yake mzazi siku iliyofuata mchana kweupe. Nilikuwa na haraka. Alipigwa teke akaruka hatua moja.

Boksi

Usitafute makubwa. Boksi la katoni lenye urefu wa kama nusu mita linatosha kwa vifaranga watano hadi wiki ya pili. Yakiwa marefu ya kwenda juu ni bora kuliko mapana, kwa sababu mbawa huanza kuota manyoya siku za mwanzo kabisa, na kufikia siku ya kumi kijana atakuwa anaruka. Juu funika kwa wavu wa chandarua au wa dirisha, si kwa mfuniko, apate hewa. Kama ni wengi, pinda kipande cha katoni uzibe kila kona iwe duara. Vifaranga wakiona baridi hukimbilia konani, wakapandana, na wa chini hukosa pumzi.

Sakafuni kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu analifanya: gazeti. Gazeti linateleza. Kifaranga wa siku moja akiteleza mara kadhaa, miguu hutawanyika kulia na kushoto kama ya chura, naye hawezi tena kusimama. Tandika taulo kuukuu au kitambaa kigumu siku tatu za kwanza. Baada ya hapo tia maranda makubwa ya seremala au pumba za mpunga, unene wa vidole viwili vitatu. Vumbi la msumeno usiweke: atalila akidhani ni chakula, na likipeperuka linamwingia puani.

Miguu ikishatawanyika usikate tamaa mapema. Chukua kipande chembamba cha plasta ya kidonda, unganisha miguu yote miwili iwe na nafasi ya kawaida ya kusimama, gundi isiguse manyoya, muweke juu ya taulo. Mara nyingi siku mbili au tatu zinatosha, ukiianza siku ile ile ulipoiona hali hiyo.

Boksi lisikae sakafuni kwenye saruji, saruji hunyonya joto usiku. Liweke juu ya kigoda au ubao. Lisikae mlangoni, wala jikoni penye moshi. Na miguu ya kigoda hicho itumbukize kwenye vikopo vya maji, la sivyo sisimizi watakufundisha. Wakimpata kifaranga dhaifu huanza machoni.

Joto, ambalo ndilo kazi yenyewe

Wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi 32 hadi 35 pale anapolala. Kila wiki unapunguza kama nyuzi 3, mpaka atakapoota manyoya ya kweli, yaani wiki ya tano au ya sita. Hiyo ndiyo kanuni ya kila mahali. Sasa ilinganishe na hali yetu. Mchana wa Januari au Februari Dar hufika nyuzi 32 bila msaada wa mtu. Chumbani kwenye paa la bati panazidi hapo. Maana yake, saa saba mchana kifaranga wa siku mbili huenda hahitaji balbu kabisa. Lakini usiku wa miezi hiyo hiyo hushuka hadi nyuzi 25 hivi, anapungukiwa nyuzi saba hadi kumi. Na ukija msimu wa kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku hufika nyuzi 19 au 20. Kwako ni raha, unavuta shuka. Kwake ni sawa na wewe kulala nje ya nyumba kwenye baridi ya milima ya Makete.

Kwa hiyo joto la Dar ni la zamu: kidogo mchana, jingi usiku, na saa mbaya kuliko zote ni kuanzia saa tisa usiku hadi jua linapotoka.

Chombo cha kawaida ni balbu. Iwe ile ya zamani yenye waya ndani, wati 60 kwa boksi dogo, wati 100 kwa kubwa. Balbu nyeupe za kisasa za kubana matumizi hazifai. Zinaangaza vizuri na hazitoi joto la maana. Muuzaji atakwambia zote ni balbu. Iguse baada ya dakika tano. Ining'inize kwa waya wa chuma, usitegemee waya wa umeme wenyewe, kama sentimita 45 juu ya mgongo wa kifaranga, upande mmoja wa boksi tu. Upande wa pili ubaki baridi. Hii ya upande mmoja ndiyo siri yote: unampa uhuru wa kusogea. Hakikisha balbu haigusi katoni wala kitambaa, nyumba zimeungua kwa jambo dogo kama hilo.

Yule niliyembanika alikuwa na balbu ya wati 100 iliyoning'inia shubiri moja juu ya boksi dogo, mwezi wa pili, mchana, nami nikaenda kazini nikiwa nimeridhika. Hakuwa na pa kukimbilia. Nilimkuta amelala kifudifudi, mbawa zimetandazwa, mdomo wazi.

Wa pili alikufa kwa LUKU, huu umeme wa kulipia kabla. Uniti ziliisha kama saa nane usiku, mimi nimelala fofofo. Asubuhi nilitoka uani nikamkuta bibi wa nyumba ya jirani anafagia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mtoto wako wa kuku kalia tangu saa tisa. Hukumsikia?"

"Nilimsikia kwa mbali nikadhani ana njaa. Jioni nilimjazia chakula."

"Mwenye njaa halii hivyo," akasema, akaendelea kufagia. "Huyo alikuwa anamwita mama yake."

Tangu siku hiyo nimejifunza kumsikiliza kuliko kuangalia kipimajoto. Kipimajoto ni kizuri kama unacho, kiweke usawa wa mgongo wake, si ukutani juu. Ila kifaranga mwenyewe husema kila kitu. Akiona baridi hulia kwa sauti ya juu, kali, isiyokatika, na husimama chini kabisa ya balbu akiwa amejikunyata. Wakiwa wengi hubebana. Ushike mguu wake uugusishe shavuni mwako: ukiwa wa baridi, mwili wake nao umepoa. Akiona joto hukaa mbali na balbu, hupanua mbawa, hupumua kwa mdomo wazi, na haachi kunywa maji. Wakijibana wote upande mmoja usio wa balbu wala wa kivuli, kuna upepo unaingia, tafuta tundu. Akiwa sawa hutembea, hula, hurudi, hulala kwa kuanguka ghafla kama mlevi, shingo imenyooka mbele. Wanaoiona hali hiyo mara ya kwanza hudhani amekufa. Msogelee: kama tumbo linapanda na kushuka, mwache.

Umeme hauaminiki, kwa hiyo kila mwenye kifaranga awe na njia ya pili tayari kabla ya magharibi. Mimi natumia chupa ya maji ya plastiki ya lita moja na nusu, najaza maji ya moto yasiyochemka (yanayochemka huikunja chupa), naivisha soksi nzito, naiegesha ukutani mwa boksi isimbiringikie. Inashika joto la maana kwa kama saa tatu. Chupa ya nusu lita ni kujidanganya. Natega alamu saa saba usiku na saa kumi alfajiri, nabadilisha maji kutoka kwenye chupa ya chai niliyojaza jioni. Kwa siku kumi za kwanza utakuwa na macho mekundu kazini. Sijaona njia ya kuikwepa.

Nyongeza inayosaidia sana ni kile ninachokiita mama wa vitambaa. Tafuta kiboksi kidogo, kikate mlango, kisha juu toboa matundu na upitishe vipande vya sweta la mtumba, upana wa vidole viwili, vining'inie hadi viguse mgongo wa kifaranga. Anaingia humo kama anavyoingia kwenye manyoya ya mama. Kanga kuukuu inafaa kwa shida, ila ni nyepesi. Ogopa nyuzi zilizochomoka: nimemkuta mmoja amejifunga mguu mpaka umevimba. Kwa kifaranga mmoja peke yake vitambaa havitoshi bila chupa, kwani joto la mwili wake ni dogo. Kwa watano na kuendelea vinafanya kazi kubwa.

Jiko la mkaa ni la bandani, kwa wenye vifaranga mamia, na hata huko linawashwa nje mpaka mkaa ushike vizuri, likaingizwa likiwa limefunikwa majivu, na madirisha yana pa kupitisha hewa. Chumbani unapolala na watoto, kwa ajili ya kifaranga mmoja, usithubutu. Hewa ya mkaa haina harufu na imeua familia nzima.

Maji kabla ya chakula

Akishakauka na kuanza kutembea, maji kwanza. Tumia kifuniko cha kopo, kina kisichozidi unene wa kidole, ndani upange kokoto safi ili aweze kunywa katikati yake bila kutumbukia. Kifaranga huzama kwenye maji ya kimo cha kifundo cha kidole. Mwingize ncha tu ya mdomo mara moja, mwache ainue kichwa ameze. Wa pili atajifunza kwa kumwangalia wa kwanza.

Maji yawe ya uvuguvugu siku ya kwanza. Kwa aliyefika amechoka sana, kijiko kimoja cha chakula cha sukari au glukosi kwa lita moja, kwa saa chache tu, kisha maji matupu. Ukiendelea na sukari siku nzima anaharisha. Na hili ni la kwetu hasa: visima vingi vya Dar vina chumvi. Sisi tumeyazoea tunaoshea vyombo, lakini figo za kifaranga haziyawezi. Mpe ya bomba au yale unayokunywa mwenyewe. Badilisha mara tatu kwa siku, maana atayachafua ndani ya dakika kumi.

Chakula

Nenda duka la mifugo ununue chakula cha kuanzia, wauzaji wanakiita staata, kilo moja tu ya kupimiwa. Kifaranga mmoja mpaka wiki ya sita hatazidi sana hapo. Kinakuwa na protini asilimia 18 hadi 20 na kitu, na ndicho kinachojenga mifupa na manyoya. Kiangalie kabla hujalipa: kichote, kinuse. Kikiwa na harufu ya uvundo au kimeshikana mabonge, kiache, ukungu wa chakula huua kimyakimya, hasa wakati wa masika ambapo magunia hunyonya unyevu. Usikubali kuuziwa chakula cha kuku wa mayai eti ni kile kile. Kina chokaa nyingi kwa ajili ya maganda ya yai, na humharibu figo kifaranga.

Siku mbili za kwanza kimwage kidogo juu ya karatasi ngumu, ukigonge kwa ncha ya kidole kama kuku anavyodonoa. Utajisikia mjinga. Fanya tu. Mama yake angefanya hivyo akiambatanisha na ule mlio wa kuitia chakula, na kifaranga wa mkononi hana mwingine wa kumwigiza. Jioni kabla ya kulala papasa gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo: kiwe kimejaa na laini. Kikiwa bapa, hajala. Kikiwa kigumu kama punje ya kunde kavu, hajanywa.

Ikiwa ni Jumapili usiku na maduka yamefungwa, kiini cha yai lililochemshwa, kilichovunjwavunjwa, kinamvusha hadi asubuhi, pamoja na chenga laini za mahindi au za mchele. Ni chakula cha kuvukia tu. Nimeona watu wakilea kwa pumba na ugali mpaka wiki ya nne, wakapata kuku wa miguu iliyopinda. Dagaa waliosagwa, wasio na chumvi, kiasi cha kunyunyiza, ni wazuri baada ya wiki ya kwanza. Mchicha uliokatwa laini sana pia, na ukianza kumpa hivyo vitu vya punjepunje na majani, mwekee mchanga mwembamba safi kidogo, firigisi haina meno mengine.

Upweke

Huyu mmoja atalia hata akiwa ameshiba na ana joto. Hajatengenezwa aishi peke yake. Dawa ya kweli ni mwenzake wa umri ule ule, hata wa kununua. Ukikosa, weka kioo kidogo ukutani mwa boksi na kitu laini cha kuegemea. Usimpakate siku nzima. Anayelelewa kiganjani hukua akijiona mtu, halafu anapigwa na kuku wenzake siku ya kwanza bandani. Watoto wa nyumba wapewe zamu fupi, wamshike wakiwa wamekaa chini, na wanawe mikono kwa sabuni kila mara. Kuku hubeba bakteria wa salmonela bila wao wenyewe kuonekana wagonjwa.

Kinyesi kilichoganda

Mara mbili kwa siku mgeuze umtazame nyuma. Siku za mwanzo kinyesi hushika manyoya, kinakauka, kinaziba tundu, na kifaranga hufa kwa kujaa uchafu tumboni huku anaendelea kula. Loweka kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka kilainike, kitoe polepole bila kung'oa manyoya, mkaushe vizuri kabla ya kumrudisha. Kikirudia rudia, angalia joto kwanza: aliyepata baridi au aliyeunguzwa huharisha.

Chanjo na kuhara damu

Adui mkubwa wa kuku wa Dar ni kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo. Kikishaingia mtaani kinafagia mabanda yote, na dawa ya kukitibu haipo. Kuna chanjo inayofaa sana kwa kuku wa nyumbani, ile ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wenye makao yao Temeke, pale kituo kinapoitwa Veterinari. Ni tone moja jichoni, na inavumilia joto kuliko chanjo nyingine za ugonjwa huo, ingawa nayo si ya kuachwa juani kwenye dashibodi ya daladala. Utaratibu ninaoufuata ni kideri siku ya 7, gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi unaoua vifaranga) siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, na ndui kati ya wiki ya sita na ya nane. Kaa na afisa mifugo wa kata yako muupange kulingana na magonjwa ya mtaa wenu. Kichupa kimoja kina dozi nyingi, na kikishachanganywa hakiwekwi, kwa hiyo zungumza na majirani mchanje siku moja. Ukichanja peke yako, utamwaga zaidi ya ulichotumia. Chanjo za kunyweshwa zisichanganywe na maji ya bomba yenye klorini, inaua chanjo.

Kuanzia wiki ya tatu angalia kinyesi chenye damu, kifaranga aliyejikunyata mbawa zimelegea, macho nusu. Hiyo ni kuhara damu, vijidudu vyake vinapenda matandiko yaliyolowa. Peleka habari dukani siku hiyo hiyo, ipo dawa ya kutia kwenye maji, na ondoa maranda yote, si ya juu tu. Kama unayabadilisha kila yanaposhikana na chombo cha maji umekiinua juu ya tofali, kuna uwezekano mkubwa usiione kabisa.

Kutoka nje

Baada ya wiki mbili, saa tatu asubuhi jua likiwa limeshapanda, mtoe uani kwa nusu saa chini ya tenga. Chini ya tenga, siyo huru. Kunguru hawa wa mjini, ambao waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 eti wasafishe taka, wanakaa kwenye nyaya wakihesabu. Dua la kuku halimpati mwewe, na la kifaranga halimpati kunguru. Tenga liwe na jiwe juu, lisisukumwe.

Ongeza muda kila siku. Wiki ya nne, msimu wa kaskazi, anaweza kukaa bila balbu mchana kutwa. Wakati wa kipupwe mpe joto usiku hadi atakapofunika mgongo mzima kwa manyoya. Wiki ya sita hamia bandani. Mchanganye na wakubwa kwa kumweka kwanza nyuma ya wavu, waonane siku nne tano bila kugusana, kisha umwingize usiku wakiwa wamelala kama ulivyofanya kwa tetea yule.

Wa yai la tisa alikuwa jogoo. Jioni ya kwanza bandani nilimkuta mlango wa jikoni, amesimama pale pale boksi lilipokuwa, analia kile kilio cha alfajiri. Nilimbeba nikamrudisha kwenye ufito katikati ya wenzake, nikashika mgongo wake mpaka akatulia. Kesho yake vile vile, na keshokutwa. Usimpokee ndani hata mara moja katika siku hizo, na usimwache nje ya banda ukisema atajua mwenyewe. Jioni ya tano nilitoka na tochi, mlangoni hakuna kitu. Alikuwa kwenye ufito, wa tatu kutoka kushoto, ameingiza kichwa chini ya bawa la mwingine.